Mboga, Kitoweo na Mchuzi: Maana na Mpangilio wa Msamiati wa Upishi wa Kila Siku

1. Utangulizi

Mgeni kutoka Mombasa anayekaribishwa chakula Morogoro huweza kuambiwa kwamba mboga ya siku hiyo ni nyama ya mbuzi. Akilichukua neno kwa maana ya kwao atadhani mwenyeji wake ameteleza ulimi. Mwenyeji hakuteleza. Ametumia neno mboga kwa namna ambayo wasemaji wengi wa Tanzania Bara hulitumia kila siku, nayo ni namna yenye mantiki yake kamili, ingawa ni shida kuieleza kwa mtu aliyejifunza kwamba mboga ni majani.

Makala haya yanajadili msamiati wa upishi wa kila siku, yaani ule wa chakula cha mchana na cha usiku kinachopikwa kwa mboga za majira, nyama na samaki, mbali na upishi wa harusi na sikukuu. Pilau na biriani vimeandikwa sana. Mchicha na dagaa havijapata heshima hiyo. Hoja inayotetewa ni kwamba maneno makuu ya upishi huu hayaainishi vitu kwa asili yake, kama jani, mnyama au samaki. Yanaviainisha kwa kazi yake mbele ya chakula kikuu, na nyuma ya kazi hiyo yapo majira yanayoamua ni kitu gani kitaingia chunguni leo. Mifano imetolewa katika matumizi ya kawaida ya mwambao wa Kenya, Unguja, Dar es Salaam na bara ya Tanzania.

2. Chakula na kinacholiwa nacho

Mlo wa kawaida wa wasemaji wa Kiswahili una pande mbili. Upande wa kwanza ni chakula chenyewe: wali, ugali (au sima, kama wasemavyo Mombasa), ndizi, muhogo au mkate. Upande wa pili ni kile kinachoufanya upande wa kwanza ulike. Pande hizi hazina hadhi sawa katika lugha. Katika nyumba nyingi za bara, mtu aliyekula vipande vitatu vya nyama bila ugali husema hajala bado, na hasemi uongo. Kwake neno chakula limebanwa hadi kumaanisha ugali wenyewe.

Mgawanyo huu si wa Waswahili peke yao. Audrey Richards, katika kitabu chake cha mwaka 1939 kuhusu Wabemba wa nchi inayoitwa leo Zambia, alionyesha jinsi mlo wao unavyosimama juu ya maneno mawili, ubwali na umunani. Wachewa husema nsima na ndiwo. Sidney Mintz (1985) aliuchukua mfano wa Richards na kuupanua uwe kielelezo cha jamii nyingi za wakulima: katikati kuna wanga mwingi usio na ladha kali, na pembeni kuna vitu vichache vyenye ladha vinavyousindikiza.

Katika Afrika Mashariki ushahidi wa mpangilio huu ni wa kale. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alieleza kwamba alipewa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake kitu alichokiita kushan, ambacho kilikusanya kuku, nyama, samaki na mboga. Kwa msomaji wa leo jambo la maana hapo ni lile jina moja. Vitu vinne vya asili mbalimbali vimetiwa katika fungu moja kwa sababu vyote vinawekwa juu ya wali. Huko Mombasa, alikopita baadaye, aliona kwamba chakula kikubwa cha watu kilikuwa ndizi na samaki. Wali nao haukuwako tangu mwanzo: utafiti wa Sarah Walshaw (2010) kuhusu mabaki ya mimea huko Pemba umeonyesha kwamba uwele na nafaka nyingine za kiafrika zilitangulia, na mpunga ukashika nafasi yake karne kadhaa baadaye. Chakula kikuu kinabadilika. Nafasi yake katika mlo haibadiliki.

Kwa kuzingatia hayo, sentensi zifuatazo, za kawaida kabisa katika Tanzania Bara, hazina kosa lolote:

(1) Leo mboga ni maharage.
(2) Mboga ya mchana ilikuwa dagaa.
(3) Ugali upo, mboga hakuna.

Katika (3) msemaji hana maana kwamba bustani imekauka. Ana maana kwamba hakuna kitu chochote cha kulia ugali. Mboga hapa ni jina la nafasi, kama vile mgeni au jirani yalivyo majina ya nafasi: mtu yeyote anaweza kuwa jirani, ila lazima awe jirani wa mtu fulani.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi zaidi. Kwanza, yapo maneno mboga za majani, ambayo yangekuwa ya kujirudia bure kama mboga lingekuwa na maana ya majani tu. Yamehitajika kwa sababu zipo mboga zisizo za majani. Pili, katika lugha ya mitaani ya Tanzania familia yenye uwezo huitwa ya mboga saba. Hakuna anayefikiri kwamba watu hao hula aina saba za mchicha. Anayewasema anawaonea wivu kwa nyama, kuku na samaki waliopangwa mezani kwa siku moja. Tatu, wataalamu wa kilimo na lishe wamelazimika kutumia umbo la kurudufu, mbogamboga, wanapotaka kutaja mazao ya bustani bila utata. Urudufishaji umefanya kazi ambayo neno la asili halikuweza kuifanya tena.

Mombasa na Unguja hali ni tofauti kidogo. Huko mboga hubaki karibu zaidi na mimea, na kazi ya neno pana huchukuliwa na kitoweo. Umbo la neno hili linajieleza. Limetokana na kitenzi towea, yaani kula wali, ugali au mkate pamoja na kitu kingine cha kuupa ladha. Kiambishi ki- mwanzoni na -o mwishoni hulifanya liwe jina la kitu cha kutowelea, kwa utaratibu uleule unaotoa kifuniko katika funika. Kitenzi chenyewe hakisikiki sana siku hizi. Jina limeishi zaidi ya kitenzi kilichozaa. Kwa umbo lake, basi, kitoweo kingeweza kuwa chochote, lakini matumizi yamelisogeza upande wa samaki na nyama. Mtu wa Unguja anayeamka asubuhi kwenda kutafuta kitoweo anaelekea kwa wavuvi, na akirudi na mafungu mawili ya mchicha mikononi nyumbani wataelewa kwamba safari haikufaulu.

Kwa hiyo mboga na kitoweo yamesafiri njia zinazopishana. Mboga, lenye harufu ya shamba, limepanuka bara hadi kumeza nyama na samaki. Kitoweo, lililozaliwa na maana pana, limebanwa pwani na visiwani. Katika bara ya Kenya mboga limebaki la mimea, na mboga ya kila siku kuliko zote imepewa jina linalotaja uchumi wa nyumba: sukuma wiki, yaani ile inayosaidia kuisukuma wiki mpaka ifike mwisho.

Neno la tatu, mchuzi (mtuzi kwa Kimvita na Kiamu), linakata kwa upande mwingine. Hili linataja hali ya umajimaji. Samaki wa kukaanga ni kitoweo lakini si mchuzi. Maharage ya nazi ni mboga na yana mchuzi. Wali mkavu si wali uliokauka jikoni. Ni wali uliokosa mchuzi mezani, na mtu anaweza kuulalamikia hata kama umepikwa vizuri ukachambuka punje kwa punje.

Yafaa kuongeza jambo kuhusu majina ya majani. Kiswahili hakikutosheka kusema majani ya muhogo, kina kisamvu. Majani ya viazi vitamu ni matembele. Muhogo na viazi vitamu vilifika katika pwani hii kutoka Amerika baada ya Wareno kuanza kupita, na majani yake yakapata majina yasiyotaja mmea. Wasemaji wa Kiswahili wa Kongo nao wana neno lao, sombe, lenye ndugu yake isombe katika Kinyarwanda na Kirundi. Mmea unatajwa kwa mzizi unapokuwa chakula, na kwa jina jingine kabisa unapokuwa cha kulia chakula. Muhogo wa kuchemsha kwa kisamvu ni mmea mmoja katika sahani moja, lakini hakuna mlaji anayeona kwamba amepewa kitu kimoja mara mbili.

3. Majira na chungu

Msamiati huu hauelezeki bila kalenda. Mwambao hugawa mwaka kwa pepo na mvua: kaskazi, unaovuma takriban Desemba hadi Machi, masika ya Machi hadi Mei, kusi, unaoanza na masika na kuendelea hadi karibu Oktoba, ukiwa na kipupwe ndani yake, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Mpishi hahitaji kuyataja majina haya ili kuyatii.

Wakati wa kusi bahari huchafuka. Mitumbwi na ngalawa hukaa zaidi ndani ya miamba, na wanaopatikana ni samaki wa huko: changu, pono, na tasi, ambaye Lamu humwita tafi. Kaskazi ikituliza maji vyombo vidogo huweza kutoka mbali kufuata nguru na jodari. Juu ya mzunguko wa pepo upo mzunguko wa mwezi. Pweza huokotwa hasa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na kuacha miamba wazi, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa imekuwa ya wanawake. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi huwafanya waadimike. Mchuzi wa pweza, basi, una tarehe zake katika mwezi, na anayeutamani wakati wa maji mafu hutegemea pweza aliyekaushwa au jokofu la mtu.

Mboga nazo zina zamu. Mvua zikinyesha, mchicha, mlenda, mgagani, majani ya kunde na majani ya maboga huota kwa wingi, mengine bila kupandwa. Mvua zikikatika hubaki kisamvu, kwa kuwa muhogo huvumilia ukame, na matembele ya mabondeni. Ugogoni, ambako kiangazi ni kirefu, mlenda hukaushwa na kusagwa uwe unga, ukawekwa mpaka mvua nyingine. Hapo mboga ya majira hugeuka kuwa akiba, na ugumu wa kuila bila kitu cha kuulainisha ugali hauonekani tena: unga wa mlenda ukitiwa maji ya moto hurudia uteutezi wake.

Hata ukali wa mchuzi hufuata miti. Samaki hahitaji chumvi tu. Anahitaji kitu kikali cha kumwondolea shombo. Embe mbichi hutiwa zinapokuwako, yaani kuelekea mwisho wa mwaka. Ukwaju ukivunwa huhifadhika muda mrefu. Unguja wana mbirimbi. Na ndimu hujaza pengo lolote. Mwandishi wa kitabu cha mapishi hutaja kimoja na kukifanya kanuni. Mpishi wa kila siku husema tu atie ukali, na neno hilo ukali ni nafasi nyingine isiyojali asili ya kitu, sawa na mboga.

4. Vitenzi vya jikoni

Adrienne Lehrer, katika makala yake ya mwaka 1969 kuhusu semantiki ya upishi, alichambua vitenzi vya Kiingereza vya kupika kwa sifa bainifu kama vile kuwako kwa maji, mafuta na mguso wa moto. Kabla yake, mwaka 1965, Claude Lévi-Strauss alikuwa amependekeza pembetatu ya upishi yenye kuchoma, kukausha kwa moshi na kuchemsha. Vitenzi vya Kiswahili vinakubali uchambuzi wa aina hii, lakini sifa zinazobainisha si zilezile.

Tuseme kaanga. Ni rahisi kudhani kwamba sifa yake ni mafuta. Lakini kahawa hukaangwa, karanga hukaangwa, na bisi hukaangwa, mara nyingi bila tone la mafuta. Kinachohitajika ni chombo juu ya moto na kukosekana kwa maji. Mafuta ni ya hiari. Kitenzi choma huondoa na chombo: mahindi, samaki au nyama hukabiliana na moto moja kwa moja. Banika ni aina ya kuchoma ambamo kitoweo hubanwa kwa vijiti na kusimamishwa kandokando ya moto. Oka hutaka joto lizunguke kitu, iwe ni mkate tanurini au kiazi kilichofukiwa majivuni.

Upande wa maji kuna vitenzi vitatu ambavyo wasemaji vijana wameanza kuvichanganya. Chemsha, kwa matumizi ya uangalifu, huhusu kioevu chenyewe: maji, maziwa, chai. Tokosa, umbo la kusababisha la tokota, huhusu kitu kigumu kilichomo ndani ya maji: mayai, nyama, mahindi. Pwaza huhusu muhogo, ndizi au viazi vilivyopikwa kwa maji matupu bila viungo. Katika miji ya leo chemsha limevimeza vyote, na si kosa kulitumia hivyo. Hata hivyo tofauti iliyopotea ilikuwa na kazi: pwaza kilitangaza kwamba kitu kilichopikwa ni chakula, hakijawa cha kulia chakula. Mgawanyo ule wa sehemu ya pili ulikuwa umeingia ndani ya kitenzi.

Mgawanyo huohuo unaonekana kwa nguvu zaidi katika unga. Mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi bado haujaungwa. Ukitiwa kitunguu, nyanya na mafuta, au tui la nazi, au karanga zilizotwangwa, umeungwa, na sasa unaweza kupelekwa mezani bila haya. Kitenzi hiki hakielezi moto hata kidogo. Kinaeleza kuunganisha, na vinavyounganisha huitwa viungo, jina lilelile la maungo ya mwili. Kinyume chake kwa upande wa samaki ni chukuchuku: samaki aliyepikwa kwa maji, chumvi na ndimu, bila mafuta wala nazi. Ni chakula cha mgonjwa, cha mwenye haraka, na cha mwenye samaki mzuri mno kiasi cha kuona haya kumfunika.

Nazi inastahili maelezo ya peke yake, kwa kuwa pembetatu ya Lévi-Strauss haina mahali pa kuiweka. Nazi hukunwa kwa mbuzi, hutiwa maji kidogo, hukamuliwa kwa kifumbu au chujio. Tui la kwanza ni zito, na likikamuliwa kabla ya kuongezwa maji huitwa kasimile. Chicha hutiwa maji tena ili kutoa tui jepesi. Utaratibu wa kuyatumia ni kinyume cha utaratibu wa kuyapata: jepesi hutangulia chunguni, na ndani yake samaki au mboga huiva pamoja na ukali, zito hutiwa mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, likikorogwa bila kuachwa mpaka litokote taratibu. Likiachwa lichemke kwa nguvu, tui hukatika. Neno katika hapa ni sahihi hata kwa mizani ya maabara. Tui ni matone ya mafuta yaliyosambaa ndani ya maji na kushikiliwa na protini. Joto kali na tindikali huziganda protini hizo, mafuta yakajitenga juu na maji yakabaki chini. Mpishi anayetia tui zito mwisho, baada ya ukwaju kwisha kuchanganyika na moto kupungua, analinda mshikamano huo bila kuhitaji jina lake.

Samaki wa kupaka hufuata njia nyingine: huchomwa kwanza, kisha mchuzi mzito wa nazi hupakwa juu yake. Wageni wanaosoma jina hilo katika orodha za hoteli wakalihusisha na mnyama wa nyumbani wasilaumiwe sana. Kitenzi paka na jina paka havitofautiani kwa maandishi.

Kisamvu kinaonyesha jinsi kitenzi kinavyoweza kubeba elimu. Hakuna asemaye anapika kisamvu bila kudhania kwamba kimetwangwa. Majani ya muhogo yana viambata vinavyoweza kutoa sianidi. Yakitwangwa kinuni, chembe za jani hupasuka, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa hukutana na viambata hivyo, na sumu hutoka na kupaa na mvuke wakati wa kuchemshwa muda mrefu. Kwa hiyo kutwanga si suala la ulaini peke yake, na anayefupisha kazi kwa kuyakatakata tu majani hayo ameondoa hatua iliyokuwa ya usalama. Baadhi ya wapishi hutia magadi ili kisamvu, mlenda au maharage yalainike upesi na kuni zipungue. Magadi hufanya kazi hiyo kweli, lakini huharibu sehemu ya vitamini, hasa B1 na C.

Msamiati wa kuhukumu matokeo ni mchache na mkali. Mchuzi hukolea, au ni chapwa. Wali huiva, huungua, au huacha ukoko ambao watoto huugombania. Kama methali isemavyo, mchele mmoja mapishi mbalimbali.

5. Samaki aliyeiva: upatanisho wa kisarufi

Katika Kiswahili viumbe hai hupata upatanisho wa a-/wa- hata kama jina liko katika ngeli nyingine kimaumbo. Swali ambalo upishi unauliza ni hili: kiumbe kikishaingia chunguni kimekoma kuwa hai; je, upatanisho unabadilika?

(4) Samaki huyu hajakolea chumvi.
(5) Dagaa hawa wameungua.
(6) Kuku wa kuchoma ameisha.
(7) Nyama hii haijaiva.

Mifano (4) hadi (6) inaonyesha kwamba samaki, dagaa na kuku huubeba uhai wao wa kisarufi mpaka sahanini. Ng'ombe hafanyi hivyo. Hupita kwanza katika neno nyama, na neno hilo humpeleka kwenye ngeli ya i-/zi-. Mtu huweza kusema mbuzi wa kuchoma, hasa akichomwa mzima, lakini vipande vyake mchuzini ni nyama ya mbuzi. Ingevutia kusema kwamba sababu ni ukubwa, yaani mnyama anayepikwa mzima hubaki na nafsi yake. Maelezo hayo hayatoshi. Jodari hukatwa vipande vingi kuliko mbuzi, na bado ni jodari wa kukaanga. Linaloelekea kuwa kweli ni kwamba jikoni neno nyama, ambalo katika lugha nyingi za Kibantu hutaja mnyama na nyama yake pia, limewekewa mpaka: linawahusu wanyama wa miguu minne, na viumbe wa majini wameachwa nje. Anayetangaza kwamba leo kuna nyama halafu akaleta changu ataonekana amedanganya. Kuku yuko katikati. Nyama ya kuku husikika kwa wataalamu wa mifugo na wauzaji wa vipande, lakini aliyeko chunguni ni kuku.

Ushahidi wa upande wa pili ni mbuzi yenyewe. Mbuzi wa kuchoma ana wa. Mbuzi ya kukunia nazi ina ya. Sarufi inakubali kwamba mnyama aliyekufa na kuchomwa ana uhai zaidi kuliko kibao chenye jina lake ambacho hakijawahi kupumua.

6. Kamusi, lishe na jiko

Kamusi za lugha mbili, tangu ya Krapf (1882) hadi ya Johnson (1939), zilikuwa na wajibu wa kutafuta visawe vya Kiingereza. Kwa neno lenye maana ya nafasi, kisawe cha namna hiyo hakipatikani, kwa sababu mlo wa Kiingereza haukujengwa juu ya chakula na cha kulia chakula. Hilo halikuwa kosa la watunzi wale. Lawama, kama ipo, inahusu mazoea yaliyofuata ya kuifasili mboga kwa botania hata ndani ya kazi za Kiswahili kwa Kiswahili, ambamo hakukuwa na sababu ya kuazima macho ya lugha nyingine.

Athari zake haziishii kwenye kamusi. Mama anayeambiwa kliniki ampe mtoto mboga kila siku, akawa anampa ugali kwa maharage au dagaa, ametii agizo kwa lugha yake. Mshauri aliyekusudia majani ya kijani kwa ajili ya vitamini A ataona hakutiiwa. Hakuna kati yao aliyekosa kuelewa Kiswahili. Ndiyo maana kuenea kwa mbogamboga ni jambo la kupokewa vizuri, ingawa neno hilo bado lina sauti ya ofisini, na anayelisema jikoni huonekana anatoa semina. Mboga za majani lingefaa zaidi, kwani tayari liko midomoni mwa watu.

Jiko nalo linabadilika. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa nchini Tanzania Mei 2024, unalenga kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania watakuwa wakitumia nishati hiyo. Faida yake kwa mapafu ya wapishi na kwa misitu haina ubishi. Lakini kisamvu na maharage hula moto mrefu, na mwenye mtungi wa gesi huhesabu dakika kwa namna ambayo mwenye mafiga matatu hakuihesabu. Upo uwezekano kwamba mboga zitakazodhoofika kwanza ni zile za kiangazi, zinazohitaji subira, na zitakazostawi ni zile zinazoiva upesi. Vitenzi vya moto wa makaa viko katika hali hiyohiyo.

Kwa kuwa lawama bila pendekezo haina faida kwa mtunzi wa kamusi, vidahizo vitatu vinapendekezwa hapa:

mboga nm [i-/zi-] 1. mmea, hasa majani yake, unaopikwa ili kulia chakula kikuu. 2. (hasa Tanzania Bara) kitu chochote kinacholiwa pamoja na ugali au wali, kama vile maharage, samaki au nyama: Leo mboga ni dagaa. Ling. kitoweo.

kitoweo nm [ki-/vi-] kinacholiwa pamoja na chakula kikuu ili kukipa ladha. (Hasa pwani na visiwani) samaki au nyama: Kusi limechafua bahari, kitoweo kimeadimika. Ling. mboga, mchuzi.

palia kt [ele] weka makaa ya moto juu ya kifuniko cha sufuria au chungu ili chakula, hasa wali, kimalizike kukauka kwa joto la juu na la chini. (Matumizi yanapungua penye majiko ya gesi na umeme.)